Juu ya nini Likasi hatukucheza kriketi, na Kigali wakacheza



Kuna swali lenye linaonekana la kuchekesha, lakini ukilichimba linatugusa sisi wenye diplome kuliko linavyogusa wanamichezo. Swali ni hili: juu ya nini kriketi haikuota mizizi huku kwetu Likasi, wakati Zambia iko jirani na ng'ambo ya mpaka mchezo huo ulichezwa tangu wakati wa ukoloni? Na la pili linafuata: juu ya nini Rwanda, inchi yenye ilitawaliwa na Wabelgiji sawa sisi na kusoma Kifaransa sawa sisi, leo iko na kiwanja cha kriketi chenye wageni wanatoka mbali kuja kukiangalia?

Najua kuna mwenye atasema: "Ndugu, bantu banatafuta kazi, weye unatuletea michezo ya bazungu." Subiri kidogo. Ukijibu maswali haya mawili sawasawa, unapata hadithi ya namna klabu ndogo ya watu wasiolipwa inazaliwa, inaishi ao inakufa. Na mu mji wetu, vilabu vya namna hiyo vinakufa mbele ya macho yetu.

Kwanza, mchezo wenyewe

Kwa wenye hawajauona: timu mbili, kila moja watu 11, kiwanja kikubwa cha mviringo. Katikati kuna njia ngumu, laini, ya urefu wa mita 20 hivi. Kila mwisho wa njia hiyo wanasimamisha vijiti vitatu, vinaitwa wiketi. Mrushaji anatoka mbio na kurusha mpira mdogo mgumu wa ngozi ili aviangushe vijiti. Mpigaji anavitetea kwa gongo bapa la mbao. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wa upande wa pili wanabadilishana nafasi mbio mbio, na kila mkimbio ni alama moja. Mpira ukibingirika mpaka ukingoni ni alama 4, ukiruka ukingo bila kugusa chini ni 6. Vijiti vikianguka, ao mpira ukidakwa hewani, mpigaji anatoka. Mipira sita inafanya ova moja. Mchezo mfupi wa siku hizi ni ova 20 kwa kila timu, saa tatu hivi. Ule mrefu kabisa unachukua siku tano.

Shika jambo moja katika hayo yote: kriketi inataka udongo. Inataka kiwanja kikubwa, nyasi zenye kukatwa, njia ngumu ya katikati yenye kutunzwa kila wiki, na vifaa vyenye havitengenezwi hapa. Mpira wa miguu unataka mpira wa matambara na mawe mawili ya goli. Mtoto wa Kikula anaweza kujianzishia mpira wa miguu asubuhi na kuumaliza jioni. Kriketi haianzi bila mtu mwenye kushika kiwanja, mwenye kununua vifaa, na mwenye kufundisha. Kwa maneno mengine, haianzi bila klabu ao masomo.

Waingereza walifika mpaka hapa, lakini mchezo wao haukubaki

Wengi wetu tunafikiri Katanga ilikuwa ya Wabelgiji tupu. Si kweli kabisa. Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzishwa mwaka wa 1906, sehemu ya mali ilikuwa ya Tanganyika Concessions, kampuni ya Robert Williams, mtu wa Uskoti mwenye alifanya kazi na Cecil Rhodes. Reli yenye ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910, haikutoka Kinshasa wala Matadi. Ilitoka kusini, Rhodesia, na mashine za kwanza za mgodi zilipitia njia hiyo. Wafanyakazi wengi wa miaka ile ya kwanza waliandikwa Rhodesia ya Kaskazini, ni kusema Zambia ya leo. Hata pesa za Waingereza zilikuwa zinazunguka sokoni.

Basi, kama ni watu wa kuleta kriketi, walikuwa wamefika. Juu ya nini mchezo haukubaki?

Kwa sababu serikali ya Wabelgiji iliogopa. Waliona Katanga inaanza kusema Kiingereza na kutegemea Rhodesia, wakasema: tukilala, tutaamka jimbo limekwenda. Wakaleta Wabelgiji wengi zaidi, wakapunguza wafanyakazi wa kutoka Rhodesia, wakaanza kuandika watu wa Kasai na wa Rwanda-Urundi. Ndiyo, Wanyarwanda walikuja kuchimba shaba Katanga miaka ya 1920, wengine wakabaki na wake zao na watoto. Masomo yakawekwa mikononi mwa wamisionari Wakatoliki. Na mchezo wa mapadri wa Kibelgiji ulikuwa mpira wa miguu.

Angalia majina ya vilabu vyetu vikubwa, utaona historia imeandikwa juu yake. Mwaka wa 1939, Elisabethville, mapadri wa Benedikto walianzisha timu ya vijana, wakaiita Saint-Georges. Baadaye timu hiyo ilichukua jina la Englebert, kampuni ya matairi, na leo mnaijua kwa jina la TP Mazembe, yenye ilichukua kombe la vilabu vya Afrika mara mbili kwa kufuatana, 1967 na 1968, tena ikacheza fainali ya dunia ya vilabu mwaka wa 2010. Mwaka ule ule wa 1939 inazaliwa Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, yenye jina la mtakatifu wa wafua vyuma. Mtakatifu, tairi, reli: parokia, biashara na kampuni. Hizo ndizo nguzo zenye zilisimamisha michezo ya Katanga. Na sisi huku Jadotville, kama mji wetu ulivyoitwa mpaka 1966, tulikuwa chini ya mkono ule ule: kampuni, misheni, sekta za wafanyakazi za Panda na Shituru, na kiwanja cha mpira kilomita chache kutoka kwa kila mlango.

Ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa ingine. Kule Copperbelt, Kitwe, Ndola, Luanshya, kampuni za shaba zilikuwa za Waingereza na watu wa Afrika ya Kusini. Ziliwajengea wazungu wao vilabu vyenye baa, raga na kriketi. Mwafrika alikata nyasi na kupokota mipira. Shaba ni ile ile na udongo ni ule ule mwekundu, ila mwenye kulipa ndiye alichagua mchezo.

Kupita si kukaa

Kuna tukio moja lenye linaonyesha jambo hili wazi. Tarehe 3 Januari 1963, wakati wa kumaliza kujitenga kwa Katanga, askari wa Umoja wa Mataifa walivuka mto Lufira na kuingia Jadotville. Walikuwa Wahindi, watu wa inchi yenye inapenda kriketi kuliko mchezo mwingine wowote. Walikaa wakamaliza kazi yao, wakaenda zao. Mchezo wao uliondoka pamoja nao.

Hapo ndipo nilielewa kwamba mchezo hauambukizi kama mafua. Watu wenye kuujua wanaweza kulala mu mji wako mwaka mzima na usiache hata alama. Unabaki tu pale mtu anapoufunga kwenye kitu chenye kinaendelea yeye akishaenda: masomo, kiwanja chenye karatasi, daftari ya wanachama.

Vilabu vya Afrika ya Mashariki

Kule pwani ya Kenya, Mombasa Sports Club ilianzishwa mwaka wa 1896, wakati reli ya Uganda ndiyo inaanza kujengwa. Nairobi nako vikazaliwa vilabu, lakini kila kabila la watu na lake: wazungu na chao, Wahindi wa dini hii na chao, Waislamu na chao, Waismailia na chao. Gymkhana, Aga Khan, Swamibapa, Sir Ali Muslim: majina haya yako Nairobi mpaka leo. Vilikuwa vilabu vya ubaguzi, hatuwezi kuficha. Ila vilikuwa na jambo moja: kila jamii ilinunua ao ilipewa udongo wake, ikachanga pesa zake, ikaandika mambo yake. Uhuru ulipofika, ukuta ulianza kubomoka, na watoto Waafrika wenye waliishi karibu na viwanja hivyo wakaingia. Steve Tikolo, mwenye wengi wanamuhesabu kuwa mpigaji mkubwa kuliko wote wa Kenya, alikuwa mchezaji wa Swamibapa, klabu ya Wahindi.

Vilabu hivyo vya wikendi vilizaa nini? Tarehe 29 Februari 1996, kwenye kombe la dunia mu mji wa Pune, India, Kenya iliangusha West Indies: Kenya alama 166, West Indies 93. Na mwaka wa 2003, kombe la dunia likichezwa Afrika ya Kusini, Zimbabwe na Kenya, Wakenya walifika nusu fainali. Huko Nairobi walipiga Sri Lanka, Collins Obuya akiangusha wapigaji watano peke yake. New Zealand walikataa kusafiri Nairobi kwa sababu ya usalama, Kenya ikapewa pointi. India ndiyo iliwazuia mlango wa fainali, Durban.

Lakini hadithi haikuishia kwenye furaha. Miaka 11 nyuma ya hapo, mwaka wa 2014, Kenya ilipoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja na inchi kubwa. Ugomvi wa viongozi, pesa, na vijana kukosa njia ya kupanda kutoka masomo mpaka klabu, hayo yote yalikula kazi ya miaka mia moja. Ushindi mkubwa haulindi klabu. Chenye kinailinda ni kazi ya kila wiki yenye hakuna mwenye anapiga picha.

Uganda wao walishika njia ya masomo. Masomo makubwa ya bweni kama King's College Budo na Busoga College Mwiri yalifundisha kriketi watoto Waafrika tangu zamani, na kiwanja cha Lugogo, Kampala, kikawa nyumba ya wote. Matunda yalichelewa, lakini yalikuja: mwezi wa sita 2024, Uganda ilicheza kombe la dunia la ova 20 kwa mara ya kwanza, ikaangusha Papua New Guinea kule Guyana. Mrushaji wao Frank Nsubuga alikuwa na miaka 43. Katika ova zake nne alitoa alama 4 tu. Miaka 43, bandugu. Huyo ni mtu mwenye alirusha mpira miaka zaidi ya ishirini bila kujua kama kombe la dunia litakuja siku moja.

Wanafunzi wa Butare

Sasa tufike Rwanda. Nisimame kidogo hapa, maana najua moyo wa Mkongomani unavyowaka mtu akitaja Kigali siku hizi. Mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia Goma, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinasema jeshi la Rwanda linaisaidia. Siandiki kusifu serikali ya mtu. Naandika juu ya wanafunzi, kwa sababu mwanzo wa kriketi ya Rwanda haukuwa ikulu. Ulikuwa inivesite.

Nyuma ya mauaji ya 1994, familia nyingi zenye zilikuwa uhamishoni tangu 1959 zilirudi. Watoto wao walizaliwa Uganda, Kenya, Tanzania. Wale wa Uganda na Kenya walikuwa wamesoma masomo yenye kriketi. Walipoingia inivesite ya taifa huko Butare, walikutana na wenzao wenye hawajawahi kuona gongo la kriketi. Kikundi kidogo kikaanza kucheza, kikafundisha wengine, na mwaka wa 1999 wakaanzisha shirikisho la kriketi la Rwanda. Mwaka wa 2003 shirikisho la dunia likawapokea.

Angalia tarehe vizuri, maana ndipo jibu liko. Rwanda iliamua kufundisha masomo kwa Kiingereza mwaka wa 2008. Iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2007, na Jumuiya ya Madola mwaka wa 2009. Kriketi ilitangulia hayo yote. Serikali haikuwapa wanafunzi hao mchezo, wao ndio walikuwa nao tayari, hali ilipobadilika wakakuta mlango umefunguka.

Na walichezea wapi? Kicukiro, Kigali, kwenye kiwanja cha masomo ya ufundi yenye yaliitwa ETO. Mahali hapo si mahali pa kawaida. Mwezi wa nne 1994 watu karibu 2,000 walikimbilia hapo wakijua askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji watawalinda. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondoka, na wengi kati ya watu wale waliuawa. Juu ya udongo huo ndipo vijana walianza kufundishana mchezo. Kiwanja kilikuwa kibovu, mpira ulidunda vibaya. Lakini ndicho kilikuwa chao.

Mwaka wa 2011 marafiki wa kriketi ya Rwanda, wengi wako Uingereza, walianzisha mfuko wa kutafuta pesa za kiwanja cha kweli. Pesa hazikuja haraka. Hapo anaingia Eric Dusingizimana, kapiteni wa timu ya taifa, na kwa kazi yake ni enjinia wa ujenzi. Mwezi wa tano 2016 alisimama Kigali mbele ya watu, akapiga mpira masaa 51, usiku na mchana, akipumzika dakika chache tu kila saa, ili avunje rekodi ya dunia na watu wasikie habari ya kiwanja. Mwaka wenye ulifuata, mwezi wa pili, dada Cathia Uwamahoro alipiga masaa 26, rekodi ya wanawake.

Kiwanja kilifunguliwa Gahanga, pembeni ya Kigali, mwezi wa kumi 2017. Jengo lake ni matao matatu yenye yanafanana na mpira unaodunda: dundo kubwa, la kati, dogo. Yalijengwa kwa vigae vya udongo wa pale pale, vyenye kugandamizwa na mashine bila kuchomwa, na wajenzi wengi walikuwa watu wa mtaani wenye walifundishwa kazi hapo hapo. Wanafunzi wa ufundi wa kujenga, shikeni hii: jengo lenye dunia nzima inalipiga picha halikutaka chuma nyingi wala simenti ya kutoka mbali.

Mwezi wa kwanza 2023, wasichana wa Rwanda wa chini ya miaka 19 walikwenda kombe la dunia la kwanza la wasichana wa umri huo, Afrika ya Kusini. Waliangusha Zimbabwe, Henriette Ishimwe akitoa wapigaji wanne kwa mipira minne ya kufuatana. Kisha wakaangusha West Indies. Wanafunzi wa 1999 walikuwa wakati huo baba na mama. Wasichana wale hawakuwa wamezaliwa kundi la Butare lilipoanza.

Tena usifikiri ni ushindi kila siku. Tarehe 30 Novemba 2023, Windhoek, ni Uganda yenye ilipiga Rwanda na kukata tiketi ya kombe la dunia. Mwalimu alimuonyesha mwanafunzi kwamba darasa halijaisha.

Klabu inasimama juu ya nini

Nikiweka hadithi hizi zote pamoja, naona vitu vitatu vyenye vilikuwepo kila mahali mchezo ulipokaa, na vyenye vilikosekana kila mahali ulipopita tu.

Cha kwanza ni mtu mwenye anaufundisha kwa wadogo kuliko yeye. Si mwenye anacheza vizuri, mwenye anafundisha. Budo walifundisha, Butare walifundisha. Askari wa 1963 hawakufundisha, na hawakuwa wametumwa kufundisha.

Cha pili ni udongo wenye karatasi. Kiwanja kibovu chenye ni chako kinashinda kiwanja kizuri cha kuazima.

Cha tatu ni daftari: nani ni mwanachama, nani alilipa, nani aliamua nini, nani atashika kazi kapiteni akienda. Vilabu vya Nairobi vilivuka ukoloni kwa sababu vilikuwa na daftari, hata kama mambo mengine yaliyoandikwa ndani ni ya aibu.

Sasa turudi kwetu. Vilabu vya Likasi, vya mpira wa miguu na vya michezo mingine, vilikuwa na vitu hivi vitatu, lakini vyote vitatu vilikuwa mfukoni mwa kampuni. Kampuni ilikuwa na kiwanja, ilimlipa mwalimu, na ofisi yake ndiyo ilishika daftari. Mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Mwaka wa 1994 haikufika hata tani 40,000. Miaka ya 2003 na 2004, kwa mpango wenye Benki ya Dunia ililipia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kazini. Tunaongea sana juu ya mishahara na hospitali zenye zilianguka siku zile, na ni haki. Hatuongei juu ya vilabu. Klabu yenye baba yake ni kampuni, kampuni ikianguka inakuwa yatima. Zile kubwa, kama Panda B52, zilitafuta baba mwingine. Zile ndogo za sekta, zenye zilicheza siku ya mungu baada ya misa, hazikuwa na wa kuziokota.

Kiwanja chenye nilichezea nikiwa mtoto leo kina ukuta. Sitataja ni nani aliujenga, na si kwamba aliiba: tulipouliza, hakukuwa na karatasi hata moja yenye inasema kiwanja kile ni cha watoto wa mtaa. Wazee walijua, majirani walijua, kila mtu alijua. Kujua hakukusaidia kitu mbele ya mtu mwenye karatasi.

Kazi yenye iko mikononi mwetu

Mu mikutano yetu tunagombana kila mara juu ya kotizasyo: iende kwa wenye wanatafuta kazi, ama kwa michezo ya vijana? Nafahamu wenye wanasema kazi kwanza. Mimi mwenyewe nilikaa miaka na diplome mu kabati. Lakini angalia jambo hili: zile kazi tatu zenye nimesema, kufundisha, kutafuta karatasi za udongo, kuandika daftari, hakuna hata moja yenye inataka pesa nyingi. Zinataka watu wenye wamesoma. Ni sisi.

Wanasheria wetu wanaweza kwenda ofisi ya ardhi kuuliza viwanja vya Kikula, Panda, Shituru na katikati ya mji vimeandikwa kwa jina la nani. Swali moja kwa kila kiwanja, basi. Wenye walisoma historia wanaweza kukaa na wazee wenye walicheza miaka ya 60 na 70, kuandika majina ya timu, rangi za jezi, nani alilipa, nani alifundisha, nani alikatazwa kuingia. Wazee hao hawatatungojea. Na wenye wanafundisha masomo ya sekondari wanaweza kuchukua mchezo mmoja, wowote, hata ule wenye hakuna mtu anaujua mu mji, na kuufundisha watoto 15 kila jumamosi kwa miaka mitano. Butare hawakuanza na wengi.

Tangu 2022 inchi yetu nayo iko mu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku moja mtoto wa Likasi atakutana na mtoto wa Kampala ao wa Mombasa kwenye kiwanja, na hatujui watakuwa wanacheza mchezo gani. Kama ni kriketi, sawa. Kama ni mpira wa miguu wa babu zetu, sawa zaidi. Ila kiwanja lazima kiwepo, na karatasi yake iwepo.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja kwa mwenye amesoma mpaka hapa. Uliza nyumbani kwenu, leo jioni: baba, mama, mujomba, shangazi, timu ya mtaa wenu iliitwa jina gani, na kiwanja chake kilikuwa wapi? Andika jina, andika mwaka kama wanaukumbuka, ulete kwenye mkutano wa mwezi kesho. Mimi naanza na timu za Panda. Mwenye kuwa na picha ya zamani aje nayo, tutaipiga nakala na kumurudishia yake siku ile ile.